Willie Nelson, "Phases and Stages" (1974): kwa nini albamu hii haitajwi?

#1 SindanoNaSanturi
Wakuu, salaam. Mjadala wa Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ukianza, watu wote wanakimbilia albamu yake Red Headed Stranger ya 1975. Hoja yangu ni kwamba kazi yake kubwa kuliko zote ilitoka mwaka mmoja kabla, Machi 1974, lebo ya Atlantic, prodyuza Jerry Wexler. Inaitwa Phases and Stages.

Ni ndoa moja inayovunjika, inasimuliwa mara mbili. Upande wa kwanza wa santuri anaongea mke, nyimbo sita. Anaosha vyombo, anachoka kumsafishia mtu asiyeshukuru, anaondoka, anaacha ujumbe, anarudi kwa mama yake, anaanza kutoka kwenda baa ya mtaani kucheza, na mwisho anaogopa kwa sababu anahisi anapenda tena. Unageuza santuri. Upande wa pili ni mume, nyimbo sita vilevile. Anaanzia ndani ya ndege kuelekea Houston na glasi mkononi asubuhi.

Haifiki hata dakika 40. Hakuna wimbo wa kujazia nafasi. Sasa nielezeni: kwa nini hata wapenzi wa kantri hawaijui?

#2 Napita_Tu
Nangoja wajuzi. Mimi na kantri ni Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, basi.

#3 FundiBesi
Mleta mada, jibu ni rahisi: lebo. Atlantic ilijengwa na soul na R&B, muziki wa Wamarekani weusi. Ilifungua ofisi ya kantri Nashville, makao makuu ya muziki huo, ikamchukua Willie baada ya kuachana na RCA, akatoa Shotgun Willie 1973 na hii 1974. Mwaka huohuo wa 1974 wakaifunga ile ofisi. Albamu ya kantri haijiuzi. Inahitaji watu wa kuzungukia vituo vya redio mji kwa mji na kubembeleza watangazaji. Watu hao wakiondolewa wakati albamu ina miezi michache tu, imekufa. Alipohamia Columbia, kampuni ikatia nguvu kwenye kazi mpya. Nani atangaze mali ya mshindani?

#4 Kerubo wa Keroka
Hiyo haitoshi FundiBesi. Bloody Mary Morning ilitoka kama singo na ikafika nafasi ya 17 chati ya kantri ya Billboard. Kwa hiyo redio iliicheza. Shida ni kwamba albamu yenyewe haina wimbo wa kuvuka kwenda kwa wasiopenda kantri. Red Headed Stranger ilikuwa na Blue Eyes Crying in the Rain, ikashika namba moja. Mtu ananunua albamu kwa ajili ya wimbo mmoja, halafu ndipo anagundua hadithi. Hapa mlango huo haukuwepo.

#5 MzeeWaKanda
Mmesahau Waylon Jennings, mwimbaji mwenzake wa kantri. Angalieni albamu yake This Time, nayo ya 1974. Ina Walkin', It's Not Supposed to Be That Way, Pick Up the Tempo, na Heaven and Hell ambayo yeye kaiita Heaven or Hell. Nyimbo NNE za hadithi hiihii, na Willie mwenyewe alishiriki kuitengeneza. Na Pretend I Never Happened, nayo ya hadithi hii, Waylon alishaipeleka redioni 1972. Kwa hiyo mwaka ule mnunuzi dukani Marekani anakutana na nyimbo zilezile kwa mtu ambaye tayari ni nyota. Willie alijipiga bao mwenyewe.

#6 SindanoNaSanturi
MzeeWaKanda hoja nzito hiyo. Ila ukisikiliza za Waylon, zimetolewa nje ya hadithi. Walkin' pale ni wimbo wa mwanamume anayeondoka. Kwa Willie anayeondoka ni mke. Maneno yaleyale, uzito mwingine kabisa.

#7 KantriDamuDamu
Naunga mkono hoja. Hii ndiyo albamu ya kwanza ya kantri yenye hadithi moja mwanzo hadi mwisho, heshima yake.

#8 Kerubo wa Keroka
Hapana, usipotoshe. Willie mwenyewe alishafanya Yesterday's Wine 1971 akiwa RCA, safari ya mtu tangu kuzaliwa hadi kaburini. Johnny Cash ana Ride This Train ya 1960. Na nyuma zaidi kuna Jean Shepard, Songs of a Love Affair, 1956: mapenzi ya nje ya ndoa, upande mmoja anaimba mwanamke wa nje, upande wa pili mwenye ndoa. Hata mbinu ya kugawa pande mbili haikuanzia kwa Willie. Alichoongeza ni kwamba hakuna mkosaji. Ukisikia upande wa kwanza unamchukia mume, ukigeuza unamwonea huruma, na hakuna wimbo unaokuambia uamue.

#9 Napita_Tu
Wimbo wa kwanza mtu anaosha vyombo? Kweli kantri haina aibu.

#10 Bi Mkubwa Tanga
Napita_Tu, huo wimbo ni mfupi sana na ndio unaobeba kila kitu. Hakuna ugomvi, hakuna mchepuko. Ni uchovu. Waandishi wengi wangeanza na kofi au barua ya mapenzi mfukoni. Huyu kaanza na sabuni.

#11 Ngalawa
Mimi nadhani wote mnazunguka. Tatizo ni sauti ya studio. Ilirekodiwa FAME, Alabama, studio waliyorekodia waimbaji wa soul akina Aretha Franklin. Wana-Nashville wakaona ni kantri iliyochakachuliwa na soul.

#12 FundiBesi
Ngalawa hapo umechanganya nyumba mbili. FAME ilikuwa ya Rick Hall, iko Muscle Shoals, na ndiko Wexler alikompeleka Aretha 1967. Phases and Stages ilirekodiwa Muscle Shoals Sound, 3614 Jackson Highway, mji wa Sheffield, jirani tu. Hiyo ilianzishwa 1969 na wapigaji wanne waliotoka kwa Rick Hall: Barry Beckett kinanda, Roger Hawkins drams, David Hood besi, Jimmy Johnson gitaa. Rolling Stones walipita hapo Desemba 1969.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Hood ndiye aliyepiga besi ya I'll Take You There ya Staple Singers. Sikiliza anachofanya kwenye Bloody Mary Morning. Besi ya kantri ya kawaida inapiga noti ya kwanza ya kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye pigo la 1, na noti ya tano kwenye pigo la 3, basi. Hood anaheshimu hizo mbili lakini anaziunganisha na noti za kupita kila kodi inapobadilika, na noti zake anazikata fupi. Ndiyo maana wimbo unakimbia bila kelele. Ukijaribu kuupiga na besi unayoacha noti ziendelee kulia, treni inazama matopeni. Weka kiganja karibu na daraja la besi (pale nyuzi zinapofungwa mwilini) uzibe nyuzi kidogo, au kunja kipande cha sponji ukitie chini ya nyuzi hapohapo.

#13 Ngalawa
FAME au jirani yake, hoja yangu iko palepale. Walikuwa wapigaji wa soul.

#14 MzeeWaKanda
Si wote. Fidla ni Johnny Gimble, mtu wa Texas aliyepiga na Bob Wills, nguli wa kantri ya huko. Ile gitaa ya kulaza yenye kanyagio (pedal steel) ni John Hughey, ambaye wakati huo alikuwa bendi ya mwimbaji wa kantri Conway Twitty. Huwezi kupata kantri zaidi ya hao wawili. Wexler aliweka mguu wa soul na mkono wa kantri.

#15 KijanaWaGitaa
Wakuu, mnisaidie. Ile sauti ya kulia ya Hughey inaweza kuigwa kwa gitaa la kawaida?

#16 MzeeWaKanda
Inawezekana kwa sehemu. Chombo chake kwa kawaida kina nyuzi 10, tuni ya E9, na kanyagio zinapandisha nyuzi fulani huku nyingine zikitulia. Siri ni hiyo: sauti moja inatembea, mbili zimesimama.

Kwenye gitaa: kidole cha pete kwenye uzi wa 3, freti ya 7. Kidole kidogo kilale kwenye uzi wa 2 na wa 1, vyote freti ya 8. Piga zote tatu, kisha sukuma uzi wa 3 kuelekea juu hadi upande toni nzima, kutoka D hadi E. Unatua kwenye kodi kamili ya C. Sukuma polepole, inakaribia pigo zima la wimbo wa taratibu.

Makosa yanayotokea: kwanza, kidole kidogo kinasogea pamoja na cha pete na nyuzi mbili za chini zinatoka nje ya tuni. Kibane, kisitikisike. Tia kidole cha kati nyuma ya cha pete kukisaidia kusukuma. Pili, seti nyingi za gitaa la akustiki zina uzi wa 3 uliosokotwa, huo haupandi toni nzima kirahisi. Tumia gitaa la umeme, seti ya nyuzi nyembamba inayoanzia 009 au 010, ambayo uzi wa 3 ni mtupu, yaani haujasokotwa. Tatu, usihangaike na nyuzi za nailoni. Utavuta mpaka nje ya shingo na sauti imepanda kidogo tu.

#17 KijanaWaGitaa
Shukrani mkuu. Sasa mbona Willie anatumia nailoni na anasikika vile?

#18 SindanoNaSanturi
Kwa sababu havuti nyuzi, anazichapa. Gitaa lake, analoliita Trigger, ni Martin N-20, gitaa la klasiki alilolinunua 1969. Kaliwekea kinasa sauti (pickup) cha Baldwin kilichotoka kwenye gitaa lake lililovunjika. Lile tundu maarufu juu ya daraja limetokana na hili: gitaa la klasiki halina bamba la kulinda mbao, kwa kuwa limetengenezwa lipigwe kwa vidole, na Willie anapiga kwa kiplastiki. Miaka inavyokwenda mbao imeliwa.

Tahadhari kwa vijana: usichukue gitaa la nailoni ukalifunga nyuzi za chuma ili "lisikike". Seti ya nailoni inavuta shingo kwa takriban kilo 40 kwa jumla, ya chuma nyepesi ni zaidi ya 70. Daraja litang'oka, au shingo itapinda na kwenye magitaa mengi ya klasiki hakuna chuma ndani cha kuirudisha.

#19 Bi Mkubwa Tanga
Tulikuwa tunazungumzia talaka, tumefika kwa fundi seremala.

Mimi niongeze sababu ambayo hamjaigusa: uimbaji. Masikio ya huku yamefunzwa na Jim Reeves na Don Williams. Sauti laini, neno linakaa juu ya pigo, kila silabi inasikika. Willie anaimba puani na anachelewa. Msikilizaji anadhani mtu hajui kuhesabu.

#20 FundiBesi
Bi Mkubwa umegusa penyewe, na Pick Up the Tempo mwisho wa albamu ni utani wake juu ya hilohilo. Kuchelewa kwake kuna hesabu. Mwenye kutaka kujifunza afanye hivi: weka metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika, piga kodi mbili, kila moja baa mbili za mapigo manne. Imba mstari kawaida, neno la kwanza kwenye pigo la 1. Rudia, safari hii anza pigo la 2, lakini umalize palepale ulipomaliza mwanzo. Utalazimika kubana maneno ya mwisho. Kisha anza pigo la 3.

Kinachoharibika siku zote ni bendi. Mpiga gitaa anamsubiri mwimbaji, drams inamsubiri gitaa, baada ya baa nane wimbo umeshuka hadi 62. Besi na drams wasimsikilize mwimbaji kabisa. Roger Hawkins hapa ni ukuta, ndiyo maana Willie anaweza kuegemea nyuma bila kuanguka.

#21 KantriDamuDamu
Wimbo unaoniua ni I Still Can't Believe You're Gone. Unasikia kabisa Willie analia ndoa yake.

#22 Kerubo wa Keroka
Siyo ndoa yake. Aliuandika kwa ajili ya Paul English, mpiga drams wake wa miaka mingi, ambaye mkewe alijiua 1973. Sasa rudi usikilize: ni wimbo wa msiba uliowekwa katikati ya hadithi ya talaka. Na unakaa vizuri pale. Mume aliyeachwa anaomboleza mtu aliye hai.

#23 Ngalawa
Hilo ndilo tatizo la albamu kwa maoni yangu. Nyimbo zimeokotwa huku na huku. Bloody Mary Morning yenyewe alisharekodi 1970 kwenye Both Sides Now. Ukweli ni kwamba alikuwa na kapu la nyimbo, akazifunga kamba moja. Hiyo kamba ni kile kibwagizo cha Phases and Stages kinachorudi-rudi.

#24 SindanoNaSanturi
Na kamba imefungwa kwa akili. Hesabu kinaporudi: kinafungua albamu, kinarudi kabla ya Walkin', kinarudi tena karibu na Sister's Coming Home. Upande wa mume unaanza BILA hicho kibwagizo. Unagonga moja kwa moja na ndege na pombe. Kinakuja kabla ya No Love Around, na mwisho kinakaa pande zote mbili za Pick Up the Tempo. Mke alikuwa na msimulizi tangu mwanzo, anajua yuko hatua gani. Mume anaanza hajui lililompata.

#25 Ngalawa
Au mhandisi aliona upande wa pili unahitaji kuanza kwa kasi ili watu wasilale. Mnampa mtu akili ambazo labda hakuzitumia.

#26 DigitiDigitali
Sababu ya leo ni simu zenu. Mnasikiliza kwa kuchanganya orodha (shuffle). Kibwagizo kimegandishwa ndani ya faili la wimbo unaofuata, kwa hiyo ukichanganya unasikia mtu anaanza maneno fulani ya jumla, kisha ghafla wimbo mwingine. Unadhani faili ni bovu.

Hatua: zima kuchanganya. Zima pia ile mipangilio ya kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, weka sekunde 0. Usikubali programu isawazishe sauti wimbo kwa wimbo, chagua kwa albamu, la sivyo nyimbo za taratibu zitapandishwa hadi zilingane na Bloody Mary Morning na mshtuko wa kugeuza upande utapotea. Ukichoma CD, chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, maana kuchoma wimbo mmoja mmoja kunatia ukimya wa sekunde 2 kila mahali. Na ukiwa na uwezo, simama upande wa mke ukiisha, kabla ya Bloody Mary Morning. Nenda kanywe maji, ndipo uendelee.

#27 Napita_Tu
Nimetoka kusikiliza upande wa kwanza. Huyu mama amenishinda. Ila nina swali: yule mpenzi mpya wa mwisho ni nani?

#28 Bi Mkubwa Tanga
Haambiwi mtu. Wimbo mzima ni swali tu.

#29 MzeeWaKanda
Kwa wenye santuri: toleo la kwanza la Atlantic ni namba SD 7291. Angalieni nyimbo za mwisho za kila upande kabla ya kulipa, msijaribu ya kwanza tu. Kasi ya mfereji chini ya sindano ukingoni ni kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na katikati ni 21 hivi. Kwa hiyo sindano ya zamani ya mwenye mali imeumiza zaidi mwisho, na herufi "s" za Willie zitasikika kama mchanga. Hiyo haiondoki kwa kusafisha.

Vumbi ndilo linaondoka: maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, tone moja la sabuni ya maji kwa nusu lita, brashi laini kufuata mzunguko, kisha suuza kwa maji hayohayo yasiyo na sabuni. Usitumie maji ya bomba ya Dar au ya kisima, chumvi itabaki kwenye mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Uzito wa sindano fuata mtengenezaji wake, vichwa vingi viko gramu 1.5 hadi 2. Wanaopunguza wakidhani wanaihurumia santuri ndio wanaoiua, maana sindano nyepesi mno inarukaruka na kukwangua kuta.

#30 Napita_Tu
Kutoka kuosha vyombo hadi kuosha santuri. Uzi umekamilika.

#31 KijanaWaGitaa
Spiriti inafaa kusafishia?

#32 MzeeWaKanda
Kwa vinyl, kidogo iliyochanganywa na maji wengi wanatumia. Kwa zile nzito za kasi ya 78, KAMWE. Zile ni shelaki, spiriti inaziyeyusha. Nyimbo nyingi za zamani za pwani ziko kwenye hizo, msije mkatuulia urithi.

#33 FundiBesi
Turudi. Kerubo, nimefikiria ile hoja yako ya wimbo wa kuvuka. Columbia walipopelekewa Red Headed Stranger wengine pale walidhani ni demo, rekodi ya majaribio, ilivyokuwa tupu. Hakuna aliyejua Blue Eyes itavuka. Kwa hiyo nguvu ya lebo bado ni jibu langu: walau Columbia walikuwepo wakati bahati inafika.

#34 Kerubo wa Keroka
Au utupu wenyewe ndio uliovuka. Red Headed Stranger alirekodi Garland, Texas, na bendi yake mwenyewe, dada yake Bobbie kwenye piano, na haikufanana na chochote redioni. Phases and Stages imepigwa vizuri mno. Ukiisikia kwa mbali ni albamu nzuri ya kantri, unapita. Lazima ukae nayo ndipo ikukamate.

#35 Ngalawa
Sasa unasema wapigaji bora ndio walioiangusha. Ndicho nilichosema #11.

#36 Kerubo wa Keroka
#11 ulisema walikuwa wa soul. Mimi nasema walikuwa wazuri. Soma vizuri.

#37 KantriDamuDamu
Talaka je? Labda Wamarekani wa vijijini hawakutaka kusikia.

#38 Bi Mkubwa Tanga
Tammy Wynette alishika namba moja 1968 na D-I-V-O-R-C-E, yaani talaka. Talaka kwenye kantri ni kama harusi kwenye taarabu, haijawahi kumfukuza mtu. Tofauti ni kwamba Tammy analia asiachike. Huyu mke wa Willie anaondoka, anapumzika, anavaa jinzi, anaenda kucheza. Haadhibiwi popote. Kwa 1974, na mwandishi mwanamume, hilo ndilo lisilo la kawaida.

#39 DigitiDigitali
Wanaotaka zaidi: 2006 Rhino walitoa The Complete Atlantic Sessions, CD tatu, na ndani kuna matoleo mengine ya nyimbo za albamu hii ambayo hayakutumika. Sikilizeni hayo baada ya albamu yenyewe, siyo kabla.

#40 Napita_Tu
Nimemaliza upande wa pili. Nimebadili msimamo, mwenye kosa ni mke.

#41 Bi Mkubwa Tanga
Geuza tena.